Nimesomea ualimu, ajira sijapata: nisubiri hadi lini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mbagala kwa kaka yangu. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2021, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Tangu hapo naomba kila tangazo linalotoka. Mwanzoni mwa 2025 nilifanya usaili wa walimu, sikuchaguliwa. Nafundisha tuisheni watoto wawili wa jirani, basi. Wifi ameanza kusema kwa mafumbo. Baba yuko kijijini, anasema vijana wa siku hizi tunachagua kazi. Kuna mtu ananiambia nikitoa laki saba ataniingiza halmashauri, na mama yuko tayari kuweka shamba rehani. Je, ni kweli ajira hazipo, au mimi ndiye sijui kuzitafuta? Na nisubiri hadi lini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile la laki saba, maana mengine yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Mpigie mama leo, mwambie shamba lisiguswe.

Huyo mtu simjui, ila biashara yake naijua. Hahitaji kufahamiana na yeyote halmashauri. Anachohitaji ni watu ishirini kama wewe, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyepewa siri. Katika hao ishirini, mmoja au wawili watafaulu usaili kwa jasho lao wenyewe. Hao atawapigia simu kwa mbwembwe: "Si nilikwambia?" Nao, kwa kuamini kabisa, watamletea wadogo zao na rafiki zao. Waliobaki wataambiwa bosi kahamishwa, mfumo umefungwa, ongeza laki mbili ya kusukuma faili. Atakayepiga kelele sana atarudishiwa nusu ili anyamaze. Yeye hajafanya lolote zaidi ya kukaa pembeni na kuiacha bahati ifanye kazi kwa niaba yake.

Maombi ya kazi serikalini hupokelewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal, na hakuna malipo yoyote. Na hata kama bwana huyo angekuwa na mlango wa kweli, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Maana yake akikutapeli huwezi kwenda kudai chako bila kwanza kujieleza wewe mwenyewe. Analijua hilo vizuri, ndiyo maana hana wasiwasi.

Sasa swali lako lenyewe. Nafasi ni chache kweli, na wewe umesimama kwenye moja ya foleni ndefu kuliko zote nchini. Kujua kutafuta kunasaidia, nitafika huko, lakini hakubadilishi hesabu hii: usaili ule uliofanya ulikuwa wa nafasi 14,648, na walioomba walizidi 200,000. Kila kiti kiligombewa na watu karibu kumi na wanne. Miezi hiyo hiyo Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 ikapata maombi 135,027, yaani watu zaidi ya themanini kwa kiti kimoja. Wenye kumbukumbu watakwambia habari ya Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipolazimika kufanyia usaili Uwanja wa Taifa kwa sababu walioitwa kugombea nafasi 70 walikuwa zaidi ya 10,000. Kwa hesabu za namna hiyo, hata wote wangekuwa na vichwa vya maprofesa, kumi na tatu kati ya kumi na wanne wangerudi nyumbani vilevile.

Kwa hiyo kama usiku unalala ukijiuliza ulikosea wapi kwenye ule usaili, punguza. Inawezekana kabisa hukukosea popote.

Baba naye usimlaumu. Anazungumza kutoka Tanzania aliyoikuta yeye. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 hakutafuta kazi, alipangiwa. Wahitimu walikuwa wachache, serikali na mashirika ya umma yalikuwa mengi na yana njaa ya wasomi. Aliyeonekana mjini hana kazi alihesabiwa mzururaji. Mwaka 1983 ikapitishwa hata Sheria ya Nguvukazi, watu wakakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Dhana ya kwamba asiye na kazi ni mvivu ilipigwa muhuri wa serikali wakati huo, na waliokua nayo hawajaisahau.

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa miaka ya 1990, mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa, na watumishi wa serikali kwa makumi ya maelfu wakapunguzwa. Muulize mzee yeyote wa Mwanza kuhusu kiwanda cha nguo cha Mwatex, au wa Musoma kuhusu kile cha Mutex, uone anavyokaa kimya kwanza kabla ya kujibu. Uchumi uliokuja baadaye ulikua kweli, miaka mingi kwa asilimia sita hadi saba, ila ulikua kwenye dhahabu, mawasiliano ya simu, ujenzi na mabenki, sekta ambazo zinaingiza fedha nyingi na kuajiri watu wachache. Wengi wetu tulibaki kwenye jembe na kwenye biashara ndogo, huku vijana wanaoingia soko la kazi kila mwaka wakikaribia milioni moja.

Lakini kisa cha walimu kina sura yake, na hicho ndicho chako. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zile shule za kata. Kila kata ikajenga, watoto wakajaa, walimu hawapo. Upungufu ulikuwa mkali kiasi kwamba wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingia darasani, wananchi wakawabatiza Voda Fasta. Ili kuziba pengo, serikali ikafungulia bomba: vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa vikaanzishwa 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma 2007, vyuo binafsi vikafuata. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, ikaupa ualimu kipaumbele. Mtoto wa mkulima aliyetaka kusoma kwa mkopo hakuhitaji mshauri. Alijaza ualimu. Na kwa miaka karibu kumi alikuwa sahihi, kwani akimaliza alikaa nyumbani miezi kadhaa, majina yakatoka, akaripoti kituoni.

Mwaka 2015 kwenda 2016 ajira zikasimama. Ukaja uhakiki wa watumishi hewa, ukafuata wa vyeti, na Aprili 2017 watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Ajira zilipofunguliwa tena zilitoka kwa mafungu, na wa Fizikia na Hisabati wakitangulizwa. Vyuo havikusimama hata mwaka mmoja. Wewe uliyemaliza 2021 uliwakuta mbele yako waliomaliza 2015, na wote mna Historia, Kiswahili, Jiografia.

Kinachouma zaidi ni kwamba madarasa bado yamejaa. Nenda shule ya kata yoyote Mbagala utamkuta mwalimu mmoja mbele ya watoto ambao hawezi kuwajua majina. Upungufu wa walimu na walimu wasio na kazi vinaishi mtaa mmoja bila kukutana, kwa sababu katikati yao kuna bajeti ya mishahara. Mkuu wa shule akisema "tunahitaji walimu wanane" anasema kweli. Nafasi, hata hivyo, haitokani na uhitaji, inatokana na kibali cha ajira chenye fedha nyuma yake. Nakueleza haya ili siku ukisikia kiongozi anataja upungufu wa walimu usikimbilie kufunga begi.

Utasikia pia kwamba wasio na ajira Tanzania ni kama mtu mmoja katika kumi. Utafiti wa nguvukazi wa 2014, kwa mfano, ulitoa asilimia 10.3, na hiyo ni kwa kipimo cha taifa, kilicho kipana kuliko cha kimataifa. Ukajiuliza: mbona mtaani kwetu ni wote? Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kumwingizia kipato hata saa moja ndani ya wiki anahesabiwa ana ajira. Tuisheni yako ya watoto wawili imeshakutoa kwenye orodha. Shida ya nchi yetu si watu wanaokaa bure kabisa, maana maskini hawezi kumudu kukaa bure. Shida ni umati wa watu wanaofanya kazi zisizowalisha.

Basi utaambiwa ujiajiri. Hili limekuwa jibu la kila mwenye kipaza sauti, na ukichunguza, anayelitoa mara nyingi ana mshahara, gari la ofisi na bima ya afya. Sisemi ni ushauri mbaya siku zote. Nasema unatolewa kana kwamba kujiajiri ni mahali fulani ambapo vijana wamekataa kwenda. Kama ingekuwa hivyo Kariakoo isingejaa mawinga wanaosimama juani kutwa wakisubiri mteja wa kumpeleka dukani wapate elfu mbili. Uwakala wa fedha za simu unataka mtaji wa kuzungusha, ukipungukiwa mteja anahamia kwa jirani. Bodaboda ya mkataba inataka hesabu ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Chipsi zinalipa, ila kila kona ya Mbagala ina kabati la chipsi, hivyo unagawana njaa na mwenzako.

Na naomba sana uwe mwangalifu na kile kilimo cha kwenye simu. Unajua ninachosema: heka moja ya tikiti, mashimo kadhaa, kila shina matunda mawili, kila tunda elfu mbili, toa gharama, faida milioni nne kwa siku themanini. Kwenye karatasi kila mtu ni milionea. Karatasi haina mdudu, haina mvua iliyochelewa, haina siku ambayo malori ya tikiti kutoka mikoa mitatu yanaingia sokoni asubuhi moja. Kuku vilevile. Wanaopata faida ya uhakika kwenye hesabu hizo ni wauza mbegu, wauza vifaranga na wanaoendesha semina.

Ninapomshauri mtu kuhusu kazi ya kujitegemea, la kwanza kumuuliza ni mteja. Mtaji unakuja baadaye. Nani, sasa hivi, anakulipa chochote kwa kitu chochote? Wewe una jibu. Kuna wazazi wawili wanakulipa kila mwezi kwa kufundisha. Umelitaja hilo kwa aibu, ukaweka na "basi" mwishoni. Mimi naliona ndilo jambo zito kuliko yote katika barua yako.

Tuisheni ya watoto wadogo ina ushindani mkubwa na malipo kiduchu, usibaki hapo. Fikiria watu wanaorudia mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, na wanaofanya Mtihani wa Maarifa, ule wa QT. Ni wengi: wauza duka, askari wa makampuni ya ulinzi, wafanyakazi wa viwandani wanaotaka cheti ili wapande daraja, na wasichana waliokatishwa masomo, ambao tangu Novemba 2021 wamefunguliwa tena njia ya kurudi. Hawa wanahitaji masomo ya sanaa zaidi ya sayansi. Historia na Kiswahili, yaleyale yanayokufanya uwe wa kumi na nne kwenye foleni ya serikali, huku ndiyo yanayotafutwa. Wanataka kusoma jioni na Jumamosi, wanajilipia wenyewe, na mtihani ni kila Novemba, usajili ukifunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Hivyo Januari na Februari ndiyo miezi ya kuwatafuta. Tafuta mwenzako wa Jiografia na mwingine wa Kiingereza, ombeni chumba cha msikiti, kanisa au ofisi ya serikali ya mtaa, muanze na watu sita. Mkifikia kukua, nendeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mkaulizie taratibu za kusajili kituo. Msianze na usajili, anzeni na wanafunzi.

Kiswahili kina na mlango mwingine. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na lina kanzidata ya wataalamu wa lugha. Tangu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipokubali Kiswahili mwaka 2019 na UNESCO ilipotenga Julai 7 kuwa siku yake, watu wamelichangamkia sana jambo hili, na wengi wanaojitangaza mitandaoni kuwa walimu wa wageni hawajui kabisa kwamba kumfundisha Mjapani ngeli ni kazi tofauti na kumfundisha mtoto wa Temeke fasihi. Hapo ndipo mafunzo yanapokutenga na wengine. Usitegemee kuajiriwa ubalozini. Tegemea wanafunzi wawili watatu wa mtandaoni, wamisionari, watafiti, wafanyakazi wa mashirika waliopo Dar. Ni kipato cha kuongezea, si cha kutegemea, angalau mwanzoni.

Kuhusu mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: ipo, haina riba, ilisitishwa 2023 ikarudi 2024. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Nilichokiona ni kwamba kikundi kilichokuwa kikifanya kazi kabla ya mkopo hudumu, na kilichoundwa kwa ajili ya mkopo huvunjika mara fedha zikishagawanywa. Kama nyinyi walimu watatu mtakuwa mmefundisha mwaka mzima na mna daftari la mapato, muongeze wawili, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na kitu cha kumwonyesha. Kabla ya hapo, acha. Na ile mikopo ya kausha damu ya kwenye simu usiiguse hata kwa nauli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na bado watu wanadhalilishwa kwa ujumbe unaotumwa kwa ndugu zao wote.

Deni la Bodi ya Mikopo, kama nawe ulisoma kwa mkopo, ni jambo jingine. Najua linakutisha, wengi hulificha kana kwamba halitakua likisahauliwa. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia sita iliondolewa mwaka 2021, hivyo halivimbi tena kama zamani. Nenda ofisi yao, jieleze hali yako, chukua taarifa ya deni. Siku ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, liweke hilo kichwani unapopatana mshahara.

Hadi lini usubiri? Matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45. Una 27. Mlango haufungwi kesho, hivyo huna sababu ya kukaa mbele yake kutwa. Omba kila tangazo, lakini ombi lenyewe likuchukue jioni moja, kisha urudi kwenye shughuli zako. Ninaowaona wakiumia si wale wanaoomba na kukosa. Ni wale waliosimamisha maisha wakisubiri majina: hawafundishi, hawahami, hawaanzi lolote kwa sababu "ajira zinatoka mwezi ujao". Miaka inapita hivyo, na mwajiri binafsi akija kusoma wasifu wako mwaka 2027 anaona miaka sita iko peupe. Hatajua ulikuwa unasubiri. Atadhani umesahau kufundisha.

Kwenye maombi hayo ya serikali, kagua kwanza vitu vidogo vinavyowaangusha watu kabla hata ya usaili. Majina kwenye kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule yafanane herufi kwa herufi, na kama hayafanani, ushughulikie kiapo cha majina mapema. Vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria, barua iwe imesainiwa. Ni mambo ya kipuuzi, najua, na yanatupa nje watu wenye daraja la kwanza. Jingine ambalo wengi hawalijui: anayefaulu usaili lakini nafasi zikamuishia anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa baadaye bila kusailiwa upya. Kwa hiyo alama zako zina thamani hata siku ambayo jina halikutoka. Jiandae kwa usaili wa kuandika kwa umakini uleule wa mtihani wa chuo, na usikatae kupangwa mbali. Wengi wanaomba wakiwa wameshaamua moyoni kwamba ni Dar au basi.

Halafu kuna shule binafsi, ambazo hukuzitaja hata mara moja, na hilo limenishangaza. Hazitangazi sana. Mkuu wa shule akiondokewa na mwalimu huuliza chumba cha walimu, "mnamjua mtu?" Hii ndiyo koneksheni ya halali, na wewe umeikosa kwa sababu upo Mbagala nyumbani, hakuna chumba cha walimu kinachokukumbuka. Watafute uliosoma nao ambao wanafundisha, waambie wazi kwamba unatafuta, taja masomo. Watu huona aibu kusema, wakidhani kila mtu anajua. Hawajui. Watoto wa shule hawakosekani mjini, na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Jiandae nalo, uwe na andalio la somo moja utakalolifundisha mbele yao bila kushika karatasi, kwani wengi watakutaka ufundishe kipindi cha majaribio kabla ya kuzungumza lolote.

Mshahara utakuwa mdogo, wakati mwingine mdogo wa kukera. Pima hivi: je, unazidi nauli, chakula na kile unachokosa kwenye tuisheni? Kama unazidi, nenda, kwa sababu unanunua pia uzoefu na chumba cha walimu. Kama ni "kujitolea" bila hata nauli, weka kikomo cha muhula mmoja, siyo zaidi. Shule inayokaa na mwalimu wa bure mwaka mzima haina sababu yoyote ya kuanza kumlipa.

Nyumbani sasa. Mafumbo ya wifi yanauma, lakini sikiliza kilichomo ndani yake. Mara nyingi mwenye nyumba hachoshwi na mgeni asiye na kipato, anachoshwa na kutojua mambo yataisha lini. Usimwachie akisie. Kaa na kaka yako na wifi, waeleze mpango wako kwa miezi: Januari nafanya hiki, Machi nitakuwa nachangia kiasi hiki, hata kama ni unga na mafuta tu. Toa kitu kila mwezi kutoka kwenye ile tuisheni, mkononi mwa wifi, si kwa kaka. Usaidie kazi za nyumba, ila saa zako za kufundisha na kusoma zijulikane na ziheshimiwe. Nimeona mabinti wengi wenye shahada wakigeuka taratibu kuwa wasichana wa kazi wa ndugu zao. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila siku iliongezwa kazi ndogo moja, hadi hakuna saa iliyobaki ya kutafuta chochote.

Na kama imefika mahali hulali, huli, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, hilo ni la hospitali. Nenda Temeke au Muhimbili, kuna kliniki za afya ya akili, na wahudumu wake wanawaona wengi wenye hali kama yako kila wiki.

Shule nyingi binafsi hupanga walimu wao wa mwaka mpya Novemba na Desemba, nyingine hujaza mapengo Juni. Ukipata, usisaini mkataba siku hiyohiyo, uombe uende nao nyumbani. Tazama kama ni wa miezi kumi na mbili au kumi, kwani baadhi ya shule huandika kumi ili zisilipe likizo. Tazama kama umetajwa NSSF, kisha baada ya miezi miwili uende mwenyewe ukahakikishe michango inaingia, usiridhike na makato unayoyaona kwenye hati ya mshahara. Hilo lina maana yake: aliyechangia angalau miezi 18 akapoteza kazi bila kuacha kwa hiari, anastahili fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Na ukishapita miezi sita kazini, shule ikikuachisha kienyeji una siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hufika siku ya arobaini, wakiwa bado wanamsubiri mkurugenzi arudi safari.